Nyenzo Huria kwa Vyuo Vyetu

Ndugu askari, mwalimu wa chuo apangapo somo jijini Bujumbura hukabiliwa na swali gumu: mwanafunzi atasoma nini, na kwa fedha za nani? Mwaka 2002, mkutano wa UNESCO mjini Paris ulilipa jibu lake jina: nyenzo huria za elimu.

Huria si bure tu. Mtungaji hutoa idhini ya maandishi, nasi twaruhusiwa kunakili, kufasiri na hata kubadilisha kazi yake, maadamu tumtaje. Idhini hiyo ya kubadilisha ndiyo roho ya jambo lenyewe. Chuo Kikuu Mtandao cha Afrika, kikiwa Nairobi, kilifungua ghala lake mwaka 2011, lenye moduli za hisabati na sayansi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kifaransa chatufaa, lakini moduli iliyotungiwa Dakar haiingii katika mtaala wa Mutanga pasipo kupunguzwa na kuongezwa. Basi malengo ya somo yatangulie, ndipo nyenzo zichaguliwe. Wengi, kwa pupa, huanza kwa kupakua.

Aidha, faili ziwe nyepesi. Askari wetu waliotumwa Somalia kuanzia 2007 wangeweza kubeba masomo ya muhula mzima katika flashi moja, bila intaneti.