Kamera Ndogo Isiyo na Kioo: Faida na Kasoro Zake Kando ya Ziwa Nyasa

Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza habari za kima ambaye hapo kabla hakujulikana katika vitabu vya zoolojia. Anaishi katika misitu ya Mlima Rungwe na jirani zake, na pia katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Wanyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani, kipunji, na jina hilo ndilo alilopewa na wataalamu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba maelezo yale ya kwanza hayakutegemea ngozi wala fuvu lililohifadhiwa katika jumba la makumbusho, kama ilivyo desturi. Yalitegemea picha za mnyama aliye hai msituni. Mwaka 2006, baada ya kima mmoja kupatikana amekufa katika mtego wa mkulima, ndipo uchunguzi wa mwili wake ulipowezesha kuundwa kwa jenasi mpya, Rungwecebus.

Kutoka Rungwe barabara huteremka kupitia Tukuyu hadi bonde la Kyela na ufuko wa Ziwa Nyasa. Huko nako kuna kazi ya namna hiyo hiyo. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wa jamii ya siklidi, jamaa za perege, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Aghalabu aina moja hutofautishwa na nyingine kwa rangi, nazo rangi hizo hufifia samaki anapokufa na kutiwa katika dawa ya kuhifadhia. Kwa hiyo picha safi ya samaki aliye hai ni ushahidi ambao chupa ya maabara haiwezi kuutoa. Swali linalofuata ni hili: mwalimu wa biolojia, au mwanafunzi apendaye kupiga picha, atumie kamera ya namna gani? Wengi leo hushauriwa kununua kamera ndogo isiyo na kioo. Yafaa basi sifa zake zichunguzwe kwa macho ya fizikia, na kwa kuzingatia hali ya Kyela yenyewe.

KIOO KILICHOONDOLEWA

Kwa miaka mingi kamera iliyopendwa na wapigapicha hodari ilikuwa ile yenye lenzi moja na kioo cha kuakisi. Kine Exakta ya Ujerumani, iliyotokea mwaka 1936, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutumia mpango huo kwa filamu ya milimeta 35. Ndani ya kamera za aina hii kioo kimelazwa kwa pembe ya digrii 45 nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia hugonga kioo na kuelekezwa juu, nako mpigapicha huitazama taswira. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, na mwanga hupita hadi kwenye filamu.

Filamu ilipoachwa na nafasi yake kushikwa na kihisi cha elektroniki, kioo hicho hakikuwa cha lazima tena. Kihisi chenyewe chaweza kuipokea taswira na kuipeleka kwenye skrini mfululizo. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, miongoni mwa kamera za kwanza za kubadilisha lenzi zilizojengwa kwa msingi huo. Karibu faida zote za kamera hizi, na kasoro zake nyingi, zatokana na jambo hilo moja: kioo kimeondolewa.

FAIDA

Faida ya kwanza ni udogo. Kioo kinahitaji nafasi ya kuinukia. Katika kamera za Nikon zenye kioo, umbali kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi ni milimeta 46.5, katika kamera za kampuni hiyo hiyo zisizo na kioo umbali huo ni milimeta 16 tu. Kwa mtu anayetembea kwa miguu kutoka Matema kandokando ya Milima ya Livingstone, au anayesafiri kwa mtumbwi mwembamba, tofauti hiyo si ndogo.

Faida ya pili yatokana na ya kwanza. Kwa kuwa umbali umepungua, nafasi iliyobaki yaweza kujazwa kwa bomba la chuma lisilo na kioo chochote ndani yake, na lenzi ya kamera ya zamani ya filamu ikafungwa mbele yake. Shule yenye lenzi kuukuu kabatini yaweza kuifufua kwa gharama ndogo, ingawa itabidi kulenga na kurekebisha mwanga kwa mkono.

Tatu, mpigapicha huiona picha kabla ya kuipiga. Pale Matema milima husimama ghafla juu ya maji. Kivuli chake ni cheusi ilhali ziwa linang'aa. Kipimamwanga cha kamera hudanganyika kwa urahisi mahali pa namna hiyo. Katika kamera yenye kioo kosa hujulikana baada ya picha kupigwa. Katika isiyo na kioo huonekana skrinini papo hapo, na kurekebishwa.

Nne ni ukimya. Hakuna kioo cha kupiga kelele, na shata ya elektroniki haina sauti kabisa. Kwazi aliyetua juu ya mti ufukoni hashtuki.

KASORO

Kasoro ya kwanza ni ulaji wa umeme. Katika kamera yenye kioo mtu aweza kulenga bila kutumia nguvu nyingi za betri, maana anachokitazama ni mwanga halisi. Katika isiyo na kioo, kihisi na skrini hufanya kazi wakati wote wa kulenga. Kwa hiyo kamera nyingi ndogo za aina hii hukadiriwa kupiga picha 300 hadi 400 kwa betri moja, ilhali nyingi zenye kioo hufikia 800 au zaidi. Anayekwenda siku mbili katika vijiji visivyo na umeme hana budi kuchukua betri za akiba.

Pili ni vumbi. Lenzi ikifunguliwa, katika kamera nyingi kihisi hubaki wazi, bila kioo wala shata mbele yake. Chembe moja ya mchanga wa ufukoni huacha doa katika kila picha itakayofuata. Lenzi ibadilishwe ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukielekezwa chini.

Tatu, ile shata ya kimya ina dosari. Kihisi cha kawaida husomwa mstari baada ya mstari. Tuseme usomaji mzima unachukua sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mtumbwi wa mota uendao meta 5 kwa sekunde utakuwa umesogea sentimeta 25 kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Mtu aliyesimama wima ndani yake ataonekana ameegemea upande! Kwa vitu viendavyo kasi, ni heri kutumia shata ya kawaida.

Nne, udogo una gharama yake. Kihisi cha Lumix G1 na jamaa zake kina milimeta 17.3 kwa 13, yaani eneo la karibu milimeta 225 za mraba. Kihisi kilicho sawa na filamu ya zamani, milimeta 36 kwa 24, kina 864. Kwa lenzi zenye uwiano ule ule wa tundu, na muda ule ule, kihisi kidogo hukusanya takriban robo ya mwanga, na chengachenga za picha huongezeka maradufu. Mchana haidhuru, lakini usiku, wavuvi wanapovua usipa kwa taa, tofauti huonekana wazi.

ADUI MKUBWA: UNYEVU

Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, hasa kati ya Machi na Mei. Hapa hakuna kamera iliyo salama, iwe na kioo au isiwe nacho, lakini ile iliyojaa elektroniki yahitaji uangalifu zaidi.

Tukuyu iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu meta 475. Tuchukue kamera iliyolala Tukuyu katika baridi ya nyuzi 15, ikateremshwa Kyela kwenye joto la nyuzi 28. Hewa ya nyuzi 28 yaweza kubeba takriban gramu 27 za mvuke katika kila meta ya ujazo. Ile ya nyuzi 15 haizidi gramu 13. Hata kama hewa ya Kyela imebeba zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wake, mvuke utageuka umande juu ya lenzi. Dawa yake ni rahisi: kamera ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya safari, na isifunguliwe mpaka ipate joto la mahali ilipo.

Unyevu ukikaa siku nyingi huzaa kuvu, nayo kuvu hutoa asidi zinazokula uso wa lenzi. Kamera ihifadhiwe katika chombo kinachofungwa vizuri, pamoja na chembe za silika zilizokaushwa. Wapo wanaoifukia ndani ya mchele. Mchele wa Kyela una sifa njema mezani, bali hunyonya unyevu kidogo tu, na unga wake huingia penye nafasi.

Kwa jumla, kamera ndogo isiyo na kioo yafaa kwa kazi ya mchana ya mwalimu na wanafunzi wake, mradi wajue ni wapi itawaangusha. Lakini hata kamera bora haifanyi picha kuwa ushahidi. Samaki apigwe picha akiwa hai, rula ikiwa kando yake, na tarehe, saa na mahali viandikwe daftarini siku ile ile, kabla samaki hajarudishwa majini.