Barabara inajengwa mbele ya duka lako? Jua hela ipi uombe, na uombe wapi



Leo sio somo la bei wala mzigo. Ni somo la vumbi. Kama duka lako liko kando ya barabara inayopanuliwa unajua ninachosema: unga unabadilika rangi kwenye rafu, mteja hana pa kupita, mti uliokuwa unawapa watu kivuli umeng'olewa. Halafu anatokea mtu anakwambia, "Kuna hela za mazingira zinatolewa, ombeni ruzuku."

Na sisi tuliomba. Tukakataliwa. Tukaomba tena, tukapata. Kati ya mara ya kwanza na ya pili nilijifunza jambo moja ambalo ningelijua mapema lingetuokolea miezi sita. Soma mpaka mwisho, ni refu kidogo ila lina faida.

KOSA LETU LA KWANZA

Tuko maduka 14 upande mmoja wa barabara. Mimi nina duka la vyakula. Kabla ya ujenzi nilikuwa nauza wastani wa 180,000 kwa siku. Mwezi wa pili wa ujenzi nikawa nafunga na 95,000, siku nyingine chini ya hapo. Mama mmoja aliyekuwa anapika chakula jirani yangu alifunga kabisa, maana nani atakula wali wenye mchanga?

Tukaunda kikundi, tukaandika maombi ya ruzuku kwa mfuko mmoja. Tuliomba shilingi 11,400,000. Ndani tuliweka kila kitu: gari la kumwaga maji kuzuia vumbi, vivuko vya kuvuka mtaro, miti ya kupanda, na hela ya kufidia mauzo yaliyopotea.

Jibu lilikuja fupi. Mambo mengi mliyoomba ni wajibu wa mkandarasi, mengine ni fidia, na mfuko hautoi hela kwa hayo.

Siku ile nilikasirika. Baadaye nikaona walikuwa sahihi. Tulibisha hodi mlango mmoja tukidai vitu vya milango mitatu.

MLANGO WA KWANZA: WAJIBU WA MKANDARASI

Tanzania kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo, mradi mkubwa kama barabara kuu hauanzi mpaka ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, wengi wanaita TAM, inayopitia NEMC mpaka mradi upate cheti cha mazingira.

Ndani ya ile taarifa kuna sehemu inaitwa mpango wa usimamizi wa mazingira. Hiyo ndo dhahabu yako. Mara nyingi ni jedwali. Safu moja inataja athari, mfano vumbi. Nyingine inataja hatua ya kuchukuliwa, mfano kumwaga maji. Nyingine inasema nani anahusika, na nyingine inataja gharama. Kwa hiyo kama kwenye jedwali imeandikwa mkandarasi atamwaga maji, hiyo kazi imeshapangiwa mwenyewe. Huiombei ruzuku. Unadai itekelezwe.

Utaipata wapi? Kama mradi unafadhiliwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, taarifa hizi huwekwa kwenye tovuti zao. Mfano, miradi ya mwendokasi ya Dar es Salaam: njia ya Mbagala imejengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ya Gongo la Mboto kwa fedha za Benki ya Dunia. Kama huna namna ya kuingia mtandaoni, anzia ofisi ya mtendaji wa kata, au ofisi ya TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, au TARURA kwa barabara za mitaa na wilaya.

Ya kwetu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa zaidi ya 200. Mimi niliishia kidato cha nne, sikujidanganya kwamba nitaisoma yote. Nilimwomba kijana wa jirani anayesoma chuo, tukatafuta lile jedwali tu. Jioni mbili tulikuwa tumemaliza.

Kwenye jedwali letu tulikuta mambo mawili: maji yamwagwe mara mbili kwa siku wakati wa kiangazi, na njia ya kuingilia kwenye nyumba na biashara isikatwe bila kuwekwa ya muda. Vyote tulikuwa tumeviombea ruzuku!

Tulichofanya baada ya hapo:

1. Tulinunua daftari. Kwa siku 9 tuliandika gari la maji limepita saa ngapi na mara ngapi. Siku 5 halikupita kabisa.
2. Tulipiga picha za mtaro na maduka, kila picha na tarehe yake.
3. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa afisa mazingira wa mkandarasi, nakala kwa mhandisi msimamizi wa mradi na kwa mtendaji wa kata. Kila nakala tuliyopeleka, ile tuliyobaki nayo iligongwa muhuri wa kupokelewa.

Barua ya kwanza ilikaa kimya. Ya pili tuliandika "kwa kurejea barua yetu ya tarehe fulani", tukaambatanisha ya kwanza na muhuri wake. Ndani ya wiki mbili gari likaanza kupita, na vivuko vya mbao vikawekwa. Gari sio kila siku, nisiwadanganye, ila tofauti tuliiona.

Ukikwama kabisa, mradi wa Benki ya Dunia unatakiwa uwe na utaratibu wa kupokea malalamiko hapo hapo mradini. Anzia hapo. Benki yenyewe pia ina dawati la malalamiko, na unaweza kuandika kwa Kiswahili. Hailipiwi. Mtu akikuambia utoe hela ili malalamiko yako yapokelewe, huyo ni tapeli.

MLANGO WA PILI: FIDIA

Fidia ni kwa yule ambaye ardhi au jengo lake linachukuliwa. Vumbi peke yake halikupi fidia ya ardhi. Hapa watu wengi wanachanganya.

Jambo la kwanza, jua uko wapi kwenye hifadhi ya barabara. Zamani kwa barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaongeza hadi mita 30. Aliyekuwepo kihalali kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa kabla ya sheria anastahili kulipwa akiondolewa. Ndo maana unaona X ya kijani kwenye nyumba fulani. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anawekewa X nyekundu, na huyo hana fidia. Usinunue fremu wala usiingie mkataba wa pango mrefu bila kupima kwa futi.

Jambo la pili, kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 hazitaji thamani ya ardhi na jengo tu. Zinataja pia posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na hasara ya faida ya biashara. Hiyo ya mwisho inakokotolewa hivi: faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Fanya hesabu. Faida yako ikiwa 300,000 kwa mwezi, hiyo ni 10,800,000. Sio hela ndogo.

Ila faida inatakiwa ithibitishwe, na inapobidi kwa hesabu zilizokaguliwa. Kwa hiyo mthamini akija akakuuliza unaingiza kiasi gani, ukajibu "inategemea na siku", umejikata mwenyewe. Daftari la mauzo, risiti za mzigo, leseni, karatasi za TRA, mkataba wa pango: anza leo kabla hata X haijachorwa. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, soma fomu kabla ya kusaini, na piga picha kila ukurasa.

Sisi 14 hatukuchukuliwa ardhi. Kwa hiyo mauzo yangu yaliyoshuka sikulipwa na sikutegemea tena kulipwa. Iliniuma, ila kujua ukweli kulinifanya nisipoteze nauli kwenda ofisi kila wiki.

MLANGO WA TATU: RUZUKU

Sasa ndo tunafika kwenye ruzuku. Ruzuku ni kwa lile linalobaki: madhara ambayo hayamo kwenye kazi ya mkandarasi wala kwenye fidia, na ambayo mkiyarekebisha yanasaidia jamii, sio duka lako peke yako.

Kwetu ilikuwa miti. Kwenye jedwali, mkandarasi alitakiwa kupanda miti kwenye hifadhi ya barabara ujenzi ukiisha. Lakini nyuma ya maduka yetu kuna shule ya msingi, na uzio wake ulibaki wazi baada ya miti ya barabarani kukatwa. Vumbi na makelele yote darasani. Hiyo haikuwa kazi ya mtu.

Wapi pa kuomba? Mfuko wa Misitu Tanzania hutoa ruzuku kwa kazi za kupanda na kutunza miti. Kuna pia mpango wa ruzuku ndogo wa GEF unaosimamiwa na UNDP. Ule ni kwa vikundi vya jamii na asasi, sio mtu mmoja mmoja. Angalieni matangazo yao, maana maombi hupokelewa kwa vipindi. Na ile asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo usio na riba, sio ruzuku. Utarudisha. Usiuchukue kupanda miti.

Maombi yetu ya pili yalikuwa kurasa nne. Tuliambatanisha:

- Cheti cha usajili wa kikundi na katiba
- Muhtasari wa kikao wenye saini za wanachama
- Namba ya akaunti ya benki ya kikundi (sio ya mwenyekiti!)
- Barua ya mtendaji wa kata na barua ya mwalimu mkuu ya kukubali miti ipandwe pale
- Nakala ya lile jedwali, tumepiga mstari panapoonyesha kazi ya mkandarasi inaishia wapi
- Picha za uzio kabla ya ujenzi na baada

Hiyo ya jedwali ndo naamini ilitubeba. Mtoa ruzuku anaogopa kulipa kazi ambayo mtu mwingine ameshalipwa kuifanya. Mwondolee hiyo hofu mapema.

Bajeti ilikuwa hivi:

Miche ya mwarobaini 120 × 3,000 = 360,000
Uzio wa kulinda mche 120 × 12,000 = 1,440,000
Samadi = 240,000
Tenki la maji = 460,000
Maji na mmwagiliaji miezi 8 × 80,000 = 640,000
Kusafirisha miche = 100,000
Jumla = 3,240,000

Samadi tulijitolea wenyewe, 240,000. Mashimo yote 120 tulichimba wenyewe. Tukaomba 3,000,000 kamili. Angalia: mara ya kwanza milioni 11 na sifuri mkononi, mara ya pili milioni 3 na zikaingia. Kwa awamu mbili, 1,800,000 kwanza, halafu 1,200,000 baada ya kupeleka ripoti na risiti.

Onyo: usisahau hela ya kumwagilia. Wengi wanaandika miche tu, kiangazi kikifika yote inakauka na ripoti inakuwa ya aibu. Pia usipande ndani ya hifadhi ya barabara bila ruhusa ya TANROADS au TARURA, utakuja kung'olewa miti ya watu.

MPAKA LEO

Kati ya miche 120, iliyo hai ni 97. Mingine mbuzi wamepita nayo. Mauzo yangu yamepanda mpaka 150,000 hivi, bado sijafika nilipokuwa. Yule mama wa chakula hajarudi. Ningejua milango hii mapema, barua ya vumbi ingeandikwa wiki ya kwanza, na labda angekuwa bado anapika.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno "naomba", chukua karatasi, andika madhara yote yanayokupata. Pembeni ya kila moja jibu: hii ni kazi ya mkandarasi, ni fidia, au ni ya ruzuku? Ya mkandarasi, dai kwa barua na ushahidi. Ya fidia, kaa na vielelezo vyako tayari. Inayobaki, ombea ruzuku mkiwa kikundi.

Daftari lako la mauzo lina siku ngapi halijaandikwa? Anza nalo leo jioni ukifunga. Na mtumie somo hili mwenzako ambaye barabara imemfikia mlangoni.