Nyumbu Hawajui Mpaka
Jinsi wenye ardhi wa Mara wanavyofaidika kwa kuwaachia wanyama nafasi

Watu wengi hudhani kwamba wanyama wa porini wa Kenya hukaa ndani ya mbuga za Serikali tu. Sivyo. Mbuga zote pamoja ni kadiri ya sehemu 8 tu katika kila sehemu 100 za nchi, na yapata theluthi mbili za wanyama huishi nje yake, katika malisho ya watu. Nyumbu hajui mpaka. Mvua inyeshapo ng'ambo huifuata, na simba humfuata yeye.

Kwa mwenye ng'ombe jambo hili si dogo. Pundamilia hula majani yale yale ya mifugo. Nyumbu wanapozaa huleta maradhi yawezayo kuua ng'ombe. Na usiku simba au fisi huweza kuingia bomani. Mtu apatwaye na hasara hizo bila faida yo yote, kwa nini awavumilie wanyama? Kati ya mwaka wa 1977 na 2016 wanyama wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa karibu theluthi mbili.

Shauri la Mara

Kaskazini ya Hifadhi ya Maasai Mara, ardhi ilikuwa ya ushirika chini ya sheria ya mwaka wa 1968. Baadaye iligawanywa, kila mwenye haki akapata kipande chake na hati yake. Hatari ikawa kwamba kila mtu atazungushia kipande chake seng'enge. Hapo nyumbu wangekosa njia, na ng'ombe nao wangekosa pa kukimbilia wakati wa ukame.

Mwaka wa 2006 ilianzishwa hifadhi ya wenyeji ya Olare Orok, ikawa mfano kwa nyingine. Wenye ardhi huunganisha vipande vyao, kisha hufanya mkataba na wenye kambi za watalii. Kila mmoja hulipwa kodi kwa hesabu ya ekari zake, wageni wawe wengi au wachache. Ardhi haiuzwi, hubaki yake. Naye huahidi kutojenga, kutolima wala kutotia ua mahali hapo. Katika Naboisho, iliyoanzishwa mwaka wa 2010, watu 500 hivi waliunganisha ekari zipatazo 50,000.

Ng'ombe hawakukatazwa kabisa. Huingizwa kwa zamu, sehemu baada ya sehemu, ili majani yapate kupumzika. Vijana wa hapo nao huajiriwa kuwa walinzi na waongozaji wa wageni.

Matata yaliyopo

Mpango huu una upungufu wake. Kodi humfikia mwenye hati, na wanawake wengi hawana hati. Tena, mwaka wa 2020 maradhi ya korona yalipozuia watalii, kodi zilipunguzwa mahali pengi. Hapo ilionekana wazi kwamba si busara kutegemea fedha za wageni peke yake, na kwamba ng'ombe wangali akiba ya nyumba.

Sheria ya wanyama ya mwaka wa 2013 ilizitambua hifadhi za wenyeji, tena ikaweka fidia kwa mtu aliyejeruhiwa na mnyama au aliyeuliwa mifugo, ingawa malipo mara nyingi huchelewa.

Basi mwenye ardhi aombwaye kutia sahihi yafaa kwanza aulize mambo matatu. Mkataba ni wa miaka mingapi? Kodi italipwaje wageni wasipokuja? Ng'ombe wataingia lini, na wapi, ukame ukizidi? Asipopata majibu yaliyoandikwa, asiharakishe. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Simba na mtalii wote ni wageni katika malisho hayo, nao watakaa kwa amani ikiwa mwenyeji anapona.