Namna nusu ya .cd ilitaka kuibiwa

Kila ukurasa wa intaneti wa Kongo wenye kumalizika na .cd, hata ule wa Cadastre Minier, cami.cd, kwenye tunaangaliaka nani ana permi ya kuchimba wapi, unapatikana kwa njia moja. Telefone yako haijue majina, inajua namba tu. Basi inauliza seva za majina za .cd: "cami.cd iko wapi?" Seva inaionyesha pa kuendelea, kama vile mtu wa barabara ya Mongbwalu anavyokuonyesha njia ya karyeri. Akikudanganya, utafika kwingine na utazani umefika.

Mwisho wa 2020, sehemu ya seva hizo ilikuwa chini ya jina scpt-network.com. SCPT ni ile posta yetu, Société Congolaise des Postes et Télécommunications. Jina la intaneti halinunuliwake mara moja kwa milele, linalipiwa kila mwaka kama nyumba ya kupanga. Lile halikulipiwa. Kodi iliisha, lakini kwenye liste ya seva za inchi nzima jina lilibaki limeandikwa.

Mtu mmoja wa Uswidi, Fredrik Almroth wa kampuni Detectify, aliona jina liko karibu kuachiliwa. Akalinunua yeye mwenyewe mwisho wa Desemba, mbele ya mwizi. Januari 2021 akajulisha wahusika, na inchi ikahamia scpt-network.net. Alieleza kwamba mwenye kushika lile jina angepata karibu nusu ya maulizo yote ya .cd, nusu ingine ingejibiwa vizuri. Ile nusu ingetosha kupeleka watu kwenye kurasa za uongo, kukamata mesaje na maneno ya siri. Hata ile alama ya kufuli kwenye telefone angeweza kuipata, sababu wenye kuitoa nao wanauliza seva zile zile!

Jina la .com ni dola kumi na kitu kwa mwaka. Inchi yote, kwa dola kumi na kitu.

Sasa, ndugu wachimbaji, koperative na sendika nazo zina kurasa. Mara nyingi kijana aliyezitengeneza ndiye anashika yote. Siku anahamia Kampala, barua za kukumbusha malipo zinamufuata huko. Jina liandikwe kwa koperative yenyewe, barua zisomwe na watu wawili, na kufuli ya kuzuia jina kuhamishwa ifungwe. Kisha mufungue liste ya seva: ile isiyotumika tena itolewe. Hapo ndipo posta iliumia.

Na kama munabadilisha seva, siku mbili mbele mupunguze muda ambao seva zingine zinakumbuka jibu la zamani. Mukopie pia mistari ya barua-pepe, si ya ukurasa tu. Bila hiyo ukurasa utafunguka muzuri, na barua za kontwari hazitafika.