Nyangumi na Ua la Usambara: Msafiri na Mkaazi

Katika kisa cha Nabii Yunus (A.S.) wamo samaki mkubwa na mmea wa jamii ya mung'unye: samaki alimmeza baharini, na mmea ukampa kivuli nchi kavu. Kwetu pia wako viumbe wawili, mmoja wa bahari na mwingine wa ardhi, ambao tumeona ni vyema tuwatazame pamoja.

Wa kwanza ni nyangumi mwenye nundu. Urefu wake hufikia mita 15, na uzito wake tani 30. Hushiba katika bahari baridi ya Antaktika, kisha husafiri maelfu ya kilomita hadi maji ya vuguvugu ya mwambao wetu, ambako huonekana kati ya Julai na Septemba. Huku majike huzaa na kunyonyesha, ilhali wao wenyewe karibu hawali kitu.

Wa pili ni ua dogo la zambarau la milima ya Usambara. Wataalamu waliliita Saintpaulia, kwa jina la mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Majani yake yana vinyweleo laini, na mizizi yake hushika mwamba wenye unyevu chini ya miti mikubwa. Halisafiri.

Tofauti hiyo ndiyo yenye mazingatio. Nyangumi huyu aliwindwa hadi akakaribia kutoweka. Mwaka 1963 uwindaji wake ulipigwa marufuku katika bahari za kusini. Chusa zilipokoma, taratibu akaongezeka. Ama ua, hapana anayeliwinda. Bali hupendwa, na vyungu vyake hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Lakini kule kwao mwituni, mti ukikatwa, jua huingia, mwamba hukauka, nalo hufa palepale lilipo. Nyangumi alihitaji kuachwa tu. Ua linahitaji kivuli chake kilindwe.

Na kivuli hicho si cha ua peke yake. Misitu ya Amani, iliyofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ndiyo inayoulisha mto Zigi, ambao maji yake hunywewa katika jiji la Tanga. Basi wazazi tuwaeleze watoto wetu: anayefungua bomba kule Tanga ili atawadhe, anafaidi kivuli kilekile kinacholihifadhi ua hilo. Shoka linaloangusha mti mlimani humfikia na yeye.