Jivu Lililoganda: Kutoka Machimbo ya Mathare hadi Kisiwa cha Kati cha Ziwa Turkana

Bonde la Mathare, lililo kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika upande wa Eastlands jijini Nairobi, lilikuwa machimbo ya mawe kabla ya kuwa makao ya maelfu ya watu, na mawe mengi yaliyojenga maduka, ofisi na kuta za Nairobi ya zamani yalichongwa humo na katika mabonde ya jirani. Jina la Mashimoni, kimojawapo cha vijiji vya Mathare, lingali linaitunza kumbukumbu ya kazi hiyo. Jiwe lenyewe ni la kijivu, na anayelitazama kwa karibu, hasa pale lilipopitiwa na tindo la fundi, ataona vipande vidogo vya mawe mengine vimebanwa ndani ya unga laini uliogandamana. Unga huo ni jivu la volkano. Mamilioni kadhaa ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, volkano zake zilirusha jivu ambalo lilitanda juu ya ardhi ambayo leo ni Nairobi, likashindiliwa na uzito wake lenyewe, na hatimaye likawa jiwe lisilo gumu mno wala laini mno, jambo ambalo ndilo lililowafanya waashi walipende.

Mkazi wa Mathare anayetaka kuona jivu la namna hiyo likiwa bado mahali lilipoangukia, halijaguswa na nyundo wala kufunikwa kwa saruji, hana budi kuelekea kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika Ziwa Turkana, ambako visiwa vitatu vya volkano vimesimama katikati ya maji vikifuatana kutoka kaskazini hadi kusini. Cha katikati, ambacho ramani nyingi hukiita Central Island na ambacho makala haya yatakiita Kisiwa cha Kati, kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5 tu, kikiwa kidogo kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizuri anaweza kukizunguka sehemu kubwa kwa siku moja. Lakini ndani ya udogo huo kuna kasoko na vilima vya volkano zaidi ya kumi na viwili. Kasoko ni shimo linalobaki mdomoni mwa volkano baada ya kulipuka au baada ya ardhi kudidimia, na katika kisiwa hiki kasoko tatu zimejaa maji na kuwa maziwa, hivi kwamba mgeni hukuta ziwa ndani ya kisiwa kilicho ndani ya ziwa.

Sababu ya kisiwa kuwapo hapo ni ileile iliyoleta jiwe la Mathare. Bonde la Ufa ni mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili na kuwa jembamba, na gamba linapokuwa jembamba, mawe yaliyoyeyuka chini yake hupata nafasi ya kupanda. Yakitoka taratibu hutiririka kama uji mzito unaoitwa lava. Yakitoka kwa nguvu, hasa yanapokutana na maji na kuyageuza mvuke ghafla, hupasuka na kuwa jivu na vijiwe. Kisiwa cha Kati kimejengwa kwa njia zote mbili, kwani tabaka za jivu lililoganda zinaonekana zimepangana kama kurasa kwenye kuta za kasoko, huku lava nyeusi ikiwa imezikata na kuteremka hadi majini. Volkano hiyo haijafa. Mvuke wenye harufu ya kiberiti bado hutoka katika nyufa za ardhi, na mwaka 1974 mvuke huo ulikuwa mwingi kiasi cha kuonekana kutoka nchi kavu.

Ufuo wa kisiwa hauna mnazi wala mchanga mweupe ambao wengi huutarajia wanaposikia neno kisiwa. Mchanga wake ni mweusi, kwa kuwa ni lava iliyosagwa na mawimbi, na kufikia adhuhuri huwa umeshika joto ambalo mguu mtupu hauwezi kulistahimili. Sehemu nyingine hazina mchanga kabisa, bali mabamba ya mawe yenye ncha, yaliyopakwa chumvi nyeupe na kinyesi cha ndege, ambayo mawimbi huyapiga mchana kutwa. Kutoka ufuoni njia hupanda kwenye changarawe inayoporomoka chini ya kiatu, na anayefika kwenye ukingo wa juu, takriban mita 190 kutoka usawa wa maji, hutazama kasoko kubwa zenye upana unaokaribia kilomita moja, kila moja ikiwa na maji yenye rangi yake. Maziwa hayo matatu yanajulikana kwa majina ya viumbe wake: Ziwa la Mamba, Ziwa la Heroe na Ziwa la Ngege. Heroe ni ndege wa waridi wenye miguu mirefu ambao Wakenya wengi huwaita flamingo, nao hufuata maji yenye magadi kwa sababu ndiko kunakomea mwani wanaoula. Ngege ni samaki ambaye mama wa nyumbani wa Mathare hahitaji kuelezwa.

Mamba ndio walioifanya serikali ikitangaze kisiwa hiki kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983, na habari zao zinastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa watu wengi humjua mamba kwa meno yake tu. Mamba wa Mto Nile, ambaye ndiye anayeishi katika Ziwa Turkana, hutaga mayai kwenye shimo analolichimba mchangani, juu kidogo ya maji, kisha huyafukia na kukaa jirani akilinda kwa muda wa takriban miezi mitatu. Mayai hayo hayaatamiwi. Joto lake hutoka kwenye mchanga wenyewe, na joto hilohilo ndilo linaloamua kama kitoto kitakuwa dume au jike, hivyo mchanga mweusi wa volkano si kitanda tu bali ni sehemu ya uzazi. Siku ya kuanguliwa inapofika, vitoto huanza kulia vikiwa bado ndani ya mayai, sauti ndogo nyembamba zinazosikika kupitia mchanga, na mama anapozisikia hufukua shimo, akavichukua vitoto kinywani, katikati ya meno yaleyale yanayoogopwa, na kuvipeleka majini bila kuvijeruhi. Msimu wa kuanguliwa kisiwani ni kati ya Aprili na Mei. Mgeni anayetembea ufuoni majira hayo anatakiwa kutembea mahali anapooneshwa na mlinzi wa mbuga, kwa kuwa hatua moja isiyo na uangalifu inaweza kukanyaga kiota kizima, na mama wa kiota hayuko mbali.

Ziwa linalokizunguka kisiwa lina historia yake, ambayo nayo inagusa watu wa Kiswahili. Waturkana waliliita Anam Ka'alakol, jina ambalo mji wa Kalokol bado unalo, na wavuvi wa El Molo waliishi kwenye ufuo wake wa kusini-mashariki muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kutoka Ulaya kufika. Mwaka 1888 Sámuel Teleki, mtu wa ukoo wa kikabaila wa Hungaria, na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, walilifikia wakiwa na msafara wa wapagazi wengi waliotolewa pwani, na mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, Jumbe Kimemeta, alikuwa miongoni mwa walioshiriki safari hiyo. Wageni hao walilipa ziwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na jina hilo likadumu hadi mwaka 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana. Vitabu huwataja Teleki na von Höhnel. Wapagazi waliobeba maji na chakula chao kupitia nchi ya mawe, ambao wengi wao hawakurudi nyumbani, kwa kawaida hawatajwi kwa majina, na hilo ni deni ambalo wanahistoria wa Kiswahili wana wajibu wa kulilipa.

Kutoka Eastlands hadi kisiwani ni safari ya uvumilivu. Barabara hupitia Nakuru na Kitale, ikateremka hadi Lodwar, takriban kilomita 700 kutoka Nairobi, kisha ikaendelea hadi Kalokol karibu na Ghuba ya Ferguson, ambako boti hupatikana. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, linalofahamika zaidi kama KWS, kupitia mtandao wa eCitizen, na ni busara kulimaliza jambo hilo mahali ambapo intaneti haisuisui. Kisiwani hakuna duka, hakuna bomba la maji, na kivuli ni cha kutafuta. Maji ya ziwa yana magadi na hayakati kiu, kwa sababu ziwa halina mto unaotoka. Maji huingia, hukauka kwa jua, na chumvi hubaki. Kila msafiri abebe maji yake ya kunywa ya siku nzima na ya ziada, kofia, na viatu vyenye soli ngumu, kwani ndara hukatwa na lava.

Upepo ndio hatari kubwa kuliko mamba. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mwanya unaoukusanya upepo wa kusini-mashariki na kuusukuma kwa nguvu juu ya ziwa, upepo uleule unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyosimikwa karibu na Loiyangalani, na unapovuma mawimbi huinuka kwa muda mfupi kama ya baharini. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Kwa hiyo nahodha akisema leo boti haiondoki, neno lake ni la mwisho, na abiria asiyevaa jaketi la kuokolea maisha asiruhusiwe kupanda.

Kisiwa cha Kati, pamoja na Mbuga ya Sibiloi iliyo ufuoni mwa ziwa hilohilo, kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka 2001. Lakini mwaka 2018 eneo hilo lote liliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sababu kuu ilikuwa mabadiliko katika Mto Omo wa Ethiopia, unaoleta takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa, ambako bwawa la umeme la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016 na mashamba makubwa yanamwagiliwa. Katika miaka ya karibuni mvua zimelipandisha ziwa hata likameza sehemu za ufuo karibu na Kalokol, jambo ambalo limewafanya wengine wadhani kwamba hofu ilikuwa ya bure. Hoja hiyo haina uzito. Samaki wa ziwa hili hutegemea mafuriko ya msimu yanayoleta rutuba na kufungua mazalio, na mto uliodhibitiwa hauleti tena mafuriko kwa kipimo na wakati wake wa asili, hata kama maji kwa jumla ni mengi.

Safari za shule nyingi za Eastlands huishia Mbuga ya Nairobi au, fedha zikiruhusu, Mombasa. Umbali na gharama ni vizuizi vya kweli, lakini somo la jiografia kuhusu Bonde la Ufa linaweza kuanza bila nauli yoyote, kwa mwalimu kuwatoa wanafunzi nje ya darasa na kuwaambia waguse ukuta. Wale watakaojaliwa kufika kisiwani wanaombwa wasichukue jiwe wala mchanga, kwa kuwa sheria ya mbuga inakataza na kwa kuwa mchanga huo ni wa mayai ya mamba. Jivu lililoganda la kuwaonesha jamaa nyumbani liko Mashimoni.