Kenya: Wanafunzi wa biashara wanavyolichambua deni la shirika la ndege

Katika vyuo vya biashara, somo la fedha za makampuni halifundishwi kwa kanuni pekee. Mwalimu huwagawa wanafunzi katika makundi ya watu wanne au watano, akawapa hesabu za kampuni iliyo taabani, kisha akawataka waseme wangeamua nini lau wangekuwa wakurugenzi wake. Utaratibu huu ulienezwa na chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, tangu miaka ya 1920, na chuo cha Strathmore cha Nairobi ni miongoni mwa vinavyoutumia katika ukanda wetu.

Kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki kisa kizuri hakiko mbali. Kenya Airways, ambayo ndege zake hutua Bujumbura na Kigali, iliundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Mwaka 1996 hisa zake ziliuzwa kwa umma. Mwaka 2012 ilitaka kupata mtaji mpya kutoka kwa wanahisa, lakini hisa zile hazikununuliwa zote, na ndege nyingi zikaja kulipiwa kwa mikopo ya dola. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7, na mwaka uliofuata bilioni 26.2.

Kundi hugawana kazi: mmoja husoma mizania, mwingine hukadiria mapato yajayo, wa tatu hutafuta thamani ya kampuni kwa leo. Ugomvi huanza karatasi zinapowekwa pamoja, kwani kila mmoja amekadiria kwa namna yake. Chukua shilingi milioni 100 zinazotarajiwa baada ya miaka mitano. Anayetumia kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka ataona thamani yake ya leo ni milioni 62. Anayeona biashara hii ni ya hatari akatumia asilimia 16 atapata chini ya milioni 48. Hapo ndipo penye somo lenyewe, maana hakuna aliyekosea hesabu. Wanatofautiana juu ya hatari, na lazima wajadiliane.

Kisha huja uamuzi. Kampuni ifilisiwe, serikali imwage fedha, au deni ligeuzwe kuwa hisa? Mwaka 2017 Kenya ilichagua njia hiyo ya tatu. Serikali iliishia na asilimia 48.9, benki za nchini zikapata asilimia 38.1 kupitia kampuni moja waliyoiunda, na KLM ya Uholanzi, iliyokuwa na zaidi ya robo, ikabaki na asilimia 7.8.

Na mwananchi aliyenunua hisa chache kwa akiba yake? Sehemu ya wanahisa wa zamani ilipunguzwa kwa takriban asilimia 95, yaani aliyemiliki asilimia moja alibaki na nusu ya sehemu moja ya kumi ya hiyo asilimia. Ni rahisi mno kundi kumsahau mtu huyu, kwa kuwa hana safu yake katika jedwali. Wanaomtetea hujibiwa, si bila haki, kwamba kampuni ingefilisiwa asingepata hata senti.

Matokeo ya baadaye hayakumaliza mjadala. Hisa zilisimamishwa sokoni Julai 2020, serikali ilipotaka kulitaifisha shirika, zikarudi Januari 2025. Kwa mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Mwanafunzi makini hatakimbilia kushangilia: mwaka huo shilingi ya Kenya iliimarika, na kwa mwenye madeni ya dola jambo hilo peke yake hupunguza mzigo. Kabla ya kuandika pendekezo lao, kundi hulazimika kutenganisha faida iliyotokana na abiria na ile iliyotokana na bei ya dola.